Rafiki anataka AGPL, kompani inataka MIT, na kaka anataka nifunge niuze

Yaya Mshauri, jambo sana.

Huwa nasoma safu yako kwa ajili ya mambo ya watu wengine, wakwe na viwanja vya urithi. Sikudhani siku moja nitaandika ya kwangu. Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nilisomea kompyuta chuoni na sasa naishi kwa vibarua vya kuandika programu.

Mama yangu anauza unga wa bukari soko la Kenya, na ndiye mshika sanduku wa likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu) ya akina mama 24. Mwaka 2021 mvua iliingia kibandani usiku, daftari likalowa, wino ukayeyuka. Kwa wiki mbili wanawake waliokuwa wakiitana dada walikuwa wakiitana wezi. Nilimwona mama akilia juu ya daftari la shule. Hapo nikaanza kuandika programu ya simu: nani ametoa, nani anadaiwa, wiki hii zamu ni ya nani, na kila mmoja anapata ujumbe wa SMS wa kumthibitishia. Inafanya kazi bila mtandao, maana hata umeme ukikatika na mega zikiisha, likelemba haisimami.

Ilienea kuliko nilivyotarajia. Vikundi ninavyovijua vinapita 60: Ruashi, Kampemba, Likasi, hata Kasumbalesa.

Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, niliuweka GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo, tangu mwanzo ili kila mtu auone. Sikuweka leseni yoyote, yaani karatasi ya masharti ya kuutumia. Nilidhani ukiacha mlango wazi umeshasema karibu. Rafiki yangu wa Bukavu, tuliyesoma naye hapa, aliandika sehemu yote ya SMS na kuweka Kifaransa. Ukihesabu mistari, theluthi moja ni kazi yake. Watu wengine wawili nisiowajua walituma masahihisho madogo, mmoja yuko Kenya (ile ya Nairobi, si yetu ya sokoni). Kwa risiti za PDF nilichukua maktaba iitwayo iText, msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, ikanirahisishia sana.

Sasa shida. Miezi mitatu iliyopita kompani moja ya hapa mjini, inayokopesha wafanyabiashara wadogo, iliniita. Wanataka kuitia programu yangu ndani ya ile yao, waiweke kwenye simu za wateja wao. Watanipa dola 3,500 na mkataba wa miezi sita. Lakini avoka wao alisema bila leseni hawagusi kitu. Akaniandikia barua pepe ya mstari mmoja: MIT au Apache (leseni zinazomruhusu anayechukua msimbo kuufunga), GPL (inayotaka ubaki wazi) hapana kabisa.

Nikampigia rafiki yangu wa Bukavu. Nilidhani atafurahi, kwa sababu tangu benki za kwao zilipofungwa mwanzoni mwa 2025 amebaki na pesa ya simu tu na vibarua vimepungua. Akaniambia iwe AGPL, ndugu ya GPL yenye masharti makali zaidi, la sivyo anaondoa sehemu yake. Zamani aliwahi kuwaandikia watu fulani programu kwa miezi minane. Wakaichukua, wakaifunga, akabaki anaomba aonyeshwe kazi ya mikono yake mwenyewe. Nilipotaja dola, alikata simu.

Kaka yangu mkubwa, aliyenilipia masomo kwa jasho la mgodini, anasema ninamwaga chakula cha nyumba barabarani. Shauri lake ni fupi: funga, uza, kila kikundi dola tano kwa mwezi.

Kama hayo hayatoshi, mwezi uliopita niligundua kuna mtu Kolwezi anauza programu yangu dola 20 kwa simu. Amebadilisha jina na rangi. Hata kosa langu la tahajia kwenye ukurasa wa malipo ameliacha vile vile!

Nimesoma kuhusu leseni hizi usiku mpaka macho yanauma, na kila mmoja anasema ya kwake ndiyo uhuru wenyewe. Mwishowe nilianza kuandika ya kwangu: akina mama wa soko bure, kompani zilipe, mtu wa Kolwezi marufuku.

Niambie, yaya, nichague ipi? Nikiifuata kompani nimemsaliti rafiki. Nikimfuata rafiki nimetupa pesa na nimemdharau kaka.

Mwenye Mlango Wazi, Katuba

*

Mdogo wangu Mwenye Mlango Wazi,

Nilipofika kwenye kosa la tahajia nilicheka peke yangu ofisini, mwenzangu akaniuliza kama niko mzima. Halafu nilirudi juu kwa mama yako na daftari lake, kicheko kikaisha.

Wasomaji wengine watauliza mshauri wa mambo ya wakwe anajua nini kuhusu leseni. Mchana mimi ni mtu wa takwimu za afya. Programu ninayoifungua kila asubuhi, DHIS2, ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, na kwa miaka mingi nimelazimika kusoma yale maandishi madogo ambayo watu huyapita. Si avoka mimi. Lakini hata avoka wa kompani si avoka wako, kumbuka hilo unaposoma barua pepe yake.

Umeniuliza leseni gani. Ninavyoona mimi, ndani ya swali hilo kuna maswali matatu yaliyofungwa kwenye kitenge kimoja. Kwanza, programu hii ni ya nani? Pili, unataka watu unaowajua na usiowajua waifanyie nini wewe usipokuwepo? Tatu, nani alipwe, na kwa kazi ipi? Rafiki yako anajibu la kwanza kwa uchungu wake. Avoka anajibu la pili kwa faida ya anayemlipa. Kaka yako anajibu la tatu kwa njaa aliyoiona. Wote wanatumia neno moja, leseni, ndiyo maana hamsikilizani.

Tuanze na huo mlango wazi. Kwa wageni nyumbani, mlango wazi ni karibu. Kwa sheria ya hakimiliki, sivyo. Tangu Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Congo ni mwanachama wake, kazi ya mtu inalindwa inapozaliwa, bila kuandikisha popote. Sheria yetu wenyewe ya hakimiliki ni namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unazihesabu programu za kompyuta pamoja na maandishi ya vitabu. Msimbo usio na leseni, hata ukiwa hadharani, unasomeka hivi: tazama, usiguse. GitHub inawaruhusu watu kuutazama na kujifanyia nakala ndani ya GitHub yenyewe, basi. Kwa hiyo avoka yule hakuwa anakutisha. Alikuambia ukweli ambao hata mimi ningekuambia, ila yeye alikuwa na haraka.

Kwa ukimya huo huo, mtu wa Kolwezi hana ruhusa yako. Lakini usiruke kwa furaha. Ungekuwa umeweka MIT, angekuwa na haki ya kuuza, mradi aache jina lako na karatasi ya leseni mahali pake. Na ungekuwa umeweka GPL? Angekuwa na haki ya kuuza pia! Watu wengi wanadhani GPL maana yake ni bure, na naona kaka yako ni mmoja wao. Richard Stallman mwenyewe, aliyeitunga, mwaka 1985 alikuwa akiuza kanda za programu yake, GNU Emacs, kwa dola 150 moja. Ambacho GPL ingemlazimisha mtu wa Kolwezi ni kumpa kila aliyenunua msimbo wenyewe, pamoja na haki ya kuubadilisha na kuugawa tena. Baada ya wateja watatu wenye akili, biashara yake ya dola 20 ingekuwa ngumu.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoipita mbio. "Kwa risiti za PDF nilichukua maktaba iitwayo iText." Hapo, mdogo wangu, ndipo pilipili ilipo.

iText, tangu toleo lake la 5 mwishoni mwa 2009, iko chini ya AGPL kwa yeyote asiyenunua leseni ya biashara kutoka kwa wenyewe. Ukiichanganya na programu yako kisha ukaigawa, mzigo mzima unapaswa kutoka kwa masharti hayo, msimbo ukiwa wazi. Unaweza kuandika MIT juu ya mistari uliyoitunga mwenyewe, hakuna wa kukukataza. Lakini programu ikifika kwa kompani itakuwa imebeba AGPL tumboni, na avoka wao akiichunguza vizuri atakurudishia, pengine baada ya wewe kula nusu ya zile dola.

Yaani kuna uchaguzi ulioufanya tayari, siku ile ulipokuwa na haraka ya risiti. Sikuaibishi, nani kati yetu husoma leseni ya kila maktaba saa sita usiku? Lakini umemkasirikia mtu aliyechukua kazi yako bila kuuliza masharti, na kwa kipimo kidogo wewe nawe umekuwa mtu wa Kolwezi kwa iText. Msimbo wako ulikuwa hadharani, hilo linakupunguzia, ila hukuwapa watu haki ambazo AGPL ilitaka uwape. Habari njema ni kwamba leseni yenyewe ina huruma kuliko kaka yako. Ukiacha kosa, na mwenye haki asikuandikie ndani ya siku 60, ruhusa yako inarudi moja kwa moja.

Njia za kutoka hapo ninaziona tatu. Kuibakiza iText na kuitoa programu yote kwa AGPL. Kununua leseni yao ya biashara, jambo ambalo sidhani mfuko wako unalikubali leo. Au kuiondoa: Android yenyewe, tangu toleo la 4.4, ina kifaa chake cha kutengeneza PDF kiitwacho PdfDocument, na risiti ya likelemba haihitaji mapambo. Itakugharimu siku kadhaa za kuandika upya. Tazama jinsi hii inavyogeuza mambo mezani: anachotaka rafiki yako hakihitaji ubadilishe mstari hata mmoja wa programu, na anachotaka avoka kinahitaji kazi kabla hata hamjasaini. Hilo halimpi rafiki ushindi. Ni bei tu, na bei ni vizuri kuijua kabla ya kuingia dukani.

Halafu kuna neno dogo linalorudi katika barua yako: programu yangu. Theluthi moja si yako. Hukuajiri rafiki huyo na hakukuandikia kukuachia haki zake. Mistari yake ni yake, kama yako ilivyo yako. Hata wale wawili wa masahihisho, ikiwa walichotuma kina uzito wa kuitwa kazi, wana sauti. Kwa hiyo swali "nichague leseni gani" lina kiwakilishi kibaya, ni "tuchague". Na yeye anaposema ataondoa sehemu yake, anaweza, kwa sababu nyinyi wawili hamkuwahi kuandikiana chochote. Umeiona hiyo kama kisu shingoni. Mimi najiuliza kama ni mtu aliyewahi kuibiwa miezi minane anayeangalia mlango ulipo kabla ya kuketi. (Na swali la haraka ambalo hukuligusa: kompyuta uliyoandikia ilikuwa ya nani? Kama kuna tajiri yeyote aliyekuwa anakulipa mshahara wakati ule, soma mkataba wako.)

Mama yako angezielewa leseni hizi haraka kuliko sisi. GPL ni likelemba: ukila zamu yako, kesho nawe unatoa. Aliyechukua msimbo, akaubadilisha na kuugawa, anawapa aliowagawia msimbo huo na haki zile zile alizopewa yeye. Toleo la kwanza ni la 1989, la pili 1991, la tatu 2007. Kiini cha Linux kilicho ndani ya simu ya Android ya mama yako kiko chini ya lile la pili. AGPL ni likelemba yenye macho zaidi. Inamfikia hata yule asiyegawa programu bali anaibadilisha, anaiweka kwenye seva yake na kuwaacha watu waitumie kwa mtandao. MIT na BSD ni mtungi wa maji mlangoni: anywe anayepita, aende zake, sharti ni asifute jina lako. Apache 2.0, ya 2004, ni mtungi ule ule wenye karatasi ndefu: anayebadilisha faili aseme kwamba amebadilisha, na aliyechangia hawezi kugeuka kesho kuwadai watumiaji hataza (haki za uvumbuzi) juu ya kile alichotoa mwenyewe.

Ila mfano huu unavunjika mahali pamoja, tusidanganyane. Mama akila zamu na kutorokea Kasumbalesa, sanduku limepungua, na kuna mwenzake atakayekosa ada ya mtoto. Msimbo ukichukuliwa haupungui. Vikundi vyako 60 vitaendelea kuandika michango yao hata kompani kumi zikinywa mtungini. Kinachoweza kupungua ni nafasi yako ya kuwauzia watu kitu hicho hicho, na urafiki wa Bukavu. Viweke viwili hivyo kwenye mizani, usimpime mtu wa Kolwezi peke yake.

Ukichagua mtungi, kuna mema. Wasomaji wangu wa Goma na Bukavu wanaojaza fomu za utafiti kwenye simu wanaijua KoboCollect. Ilizaliwa kutoka ODK Collect, iliyo chini ya Apache 2.0, na hakuna aliyelazimika kupiga goti kuomba. DHIS2 yangu iko chini ya BSD, na wizara za afya nyingi zinaitumia. Lakini nyuma ya DHIS2 kuna Chuo Kikuu cha Oslo na watu wanaolipwa mshahara mwisho wa mwezi. Nyuma yako kuna nani? Kompani ikiipokea kwa MIT, inaweza kuifunga, kuiboresha, na kuwarudia akina mama wa soko la Kenya kuwauzia ile iliyo bora kuliko yako. Itakuwa haki yao. Je, siku hiyo utalala? Wengine hulala vizuri kabisa, nawajua. Wewe sikujui.

Ukichagua GPL au AGPL, hatari ni kwamba kompani itaondoka na dola zake. Lakini kabla hujaamini kwamba itaondoka, muulize avoka anaogopa sharti lipi hasa. "Hapana kabisa" mara nyingi ni woga wa mtu aliyesimuliwa. GPL haimgusi anayeitumia ofisini kwake bila kuigawa. Wao wanataka kuiweka kwenye simu za wateja, hapo inawagusa kweli: wateja hao watakuwa na haki ya kupata msimbo. Labda programu yao imechanganyika na vipande walivyonunua na hawaruhusiwi kuvifungua, na hapo woga wao ni halali. Labda hawajui tu. Na kama kinachomsumbua ni Kiingereza cha kisheria cha Marekani, mwonyeshe CeCILL, iliyotungwa Ufaransa mwaka 2004 na taasisi za utafiti CEA, CNRS na Inria, kwa Kifaransa, na toleo lake la 2.1 linakubaliana na GPL. Nimeona avoka akilainika usoni kwa kukuta tu maneno ya lugha aliyosomea.

Katikati pia kuna watu. MPL 2.0 ya Mozilla, wale wa Firefox, ya mwaka 2012, inadai faili zako zikibadilishwa zibaki wazi, huku faili zao wenyewe zikibaki zao. Rafiki yako angeendelea kuiona kazi ya mikono yake; kompani ingeendelea kufunga iliyo yake. Huenda wote wawili wakanuna kidogo, na kunung'unika kwa wote wawili si ishara mbaya.

Au leseni mbili: AGPL kwa dunia nzima, na kompani inunue ruhusa tofauti ya kufunga. Ndivyo iText yenyewe inavyoishi. Lakini njia hiyo inataka haki zote ziwe mkono mmoja, au mikono yote isaini: wewe, rafiki, wale wawili, na kila atakayechangia kesho. Na iText lazima iwe imeshatoka, kwa sababu huwezi kuuza ruhusa ya kitu cha wengine. Rafiki yako anaweza kuiona kama usaliti uliovaa suti. Anaweza pia kuiona kama mara ya kwanza mtu kumwomba sahihi kabla ya kuchukua. Sijui ni lipi. Anayejua yuko upande wa pili wa simu iliyokatwa.

Lolote mtakalochagua, leseni hizi hazirudishwi dukani kama kitenge kisichokutosha. Toleo mlilolitoa limetoka. Mnaweza kubadilisha la kesho, la jana linabaki kwa walionalo. Elastic, kampuni ya programu ya kutafuta taarifa, waliiacha Apache mwaka 2021. Amazon wakachukua toleo la mwisho lililokuwa wazi, wakaanzisha programu yao, OpenSearch. Mwaka 2024 Elastic wenyewe wakaongeza AGPL. Kampuni yenye mawakili wengi ilizunguka miaka mitatu hivyo, wewe usijione mjinga kwa miezi mitatu.

Leseni uliyoanza kuitunga mwenyewe, naielewa. Ina moyo mzuri na ina hasira, na vyote viwili vinaonekana. Una haki ya kuiandika, ila usiite tena chanzo huria: fasili ya Open Source Initiative, shirika lililoanzishwa 1998, ina vipengele 10, na viwili vinakataza kubagua mtu au aina ya matumizi. Halafu jaribu kuisoma kama avoka. Kompani ni nani? Mama mwenye vibanda vitatu na kijana wa kumwandikia hesabu, je, alipe? Mwandishi wa programu Douglas Crockford aliwahi kuongeza sentensi moja tu kwenye leseni ya MIT, kwamba programu itumike kwa wema, isitumike kwa uovu. Nani angepinga? Debian, mradi wa mfumo huria wa Linux, wakaikataa kwa sababu si huria, na yeye mwenyewe amesimulia jinsi IBM walivyomwomba ruhusa ya maandishi kwa niaba ya wateja wao, maana hawakuweza kuwadhamini kwamba ni watu wema.

Kaka yako usimwambie amekosea. Ameona mtu wa Kolwezi akipokea dola 20 kwa jasho lako, na hesabu yake ni ya mtu aliyeshuka mgodini ili wewe usishuke. Lakini mnaweza kutazama pamoja zile dola 3,500 zinanunua nini. Miezi sita ya kazi yako ya kuunganisha, kufundisha na kutengeneza? Hiyo unaweza kuiuza chini ya leseni yoyote kati ya hizi. Au zinanunua ruhusa ya kufunga? Basi hiyo ina bei yake tofauti, na theluthi ya bei hiyo haina budi kuzungumzwa Bukavu. Omba kompani iandike mistari miwili, kazi na ruhusa, kila mmoja na tarakimu yake. Sioni ubaya wa kufunga na kutoza dola tano pia, ni njia halali. Ila mwulize mama yako kwanza, ni likelemba ngapi kati ya hizo 60 zingerudi kwenye daftari.

Jambo moja ambalo hamkulitaja nyote wanne. Programu hii inashika kumbukumbu za pesa za watu. Leseni zote nilizozitaja zina aya inayosema programu inatolewa jinsi ilivyo, bila dhamana. Kwa sasa huna aya hiyo. Likelemba ya Likasi ikivurugika kwa sababu ya hitilafu, watakutafuta Katuba. Mahakama ina neno lake daima, lakini kwangu hiyo peke yake ni sababu ya kutokaa mwaka mwingine bila faili liitwalo LICENSE.

Kama ningekuwa nimeketi nawe, ningekuomba umpigie tena rafiki yako kabla ya kumjibu avoka, na safari hii dola zisiwe sentensi ya kwanza. Mwambie kuhusu iText. Mwambie huna haki ya kuamua bila yeye. Muulize ni kitu gani hasa hataki kukiona tena: kufungiwa nje ya msimbo, kutolipwa, au jina lake kufutwa? Kila jibu lina leseni yake.

Kuhusu Kolwezi, usidhani aliyegawa bure hana la kudai. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Jacobsen na Katzer, iliamua kwamba masharti ya leseni huria yanalindwa na hakimiliki, na kilichokuwa kinagombewa ni programu ya treni za kuchezea. Kesi hapa kwetu ina gharama na mwendo wake, unaujua. Barua yenye adabu huanza kabla ya kesi. Lakini usilisahihishe lile kosa la tahajia bado. Nenda kwanza na mtu mwingine, nunueni nakala moja kwa dola zake 20, ombeni risiti, pigeni picha ukurasa wa malipo ulivyo. Hakuna mtu anayekosea herufi ile ile, mahali pale pale, kwa bahati.

Yaya Mshauri